Nani Humchagulia Mwalimu Chuo?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali moja huingia katika nyumba nyingi za Mandewa: kijana wetu aende chuo gani? Wengi wa vijana hao hufikiria ualimu. Mkoa wa Singida una kituo cha Chuo Kikuu Huria, lakini anayetaka kukaa darasani kila siku mpaka apate shahada kwa kawaida husafiri: Dodoma, Mwanza, Arusha, Moshi, Iringa au Dar es Salaam. Kwa hiyo swali hili lina safari ndani yake, na lina fedha. Kuna nyumba ambako magunia ya alizeti na vitunguu yamekwisha kupangiwa kazi kabla barua ya udahili haijafika.

Tumezoea kulichukua jambo hili kama shauri la mwaka huu na la nyumba hii. Lakini tukirudi nyuma tunakuta kwamba kwa muda mrefu sana mwalimu katika nchi yetu hakuchagua chuo. Alichaguliwa. Kwanza alichaguliwa na misheni, baadaye na serikali na chama. Uhuru wa kijana kukaa na wazazi wake na kupanga vyuo kwa kadiri anavyotaka mwenyewe ni mpya. Naamini Kanisa bado halijatambua sawasawa wajibu wake ndani ya uhuru huo.

Misheni ilipochagua

Katika sharika nyingi hadi leo wazee humwita mwinjilisti "mwalimu". Jina hilo limebeba historia. Shule za kwanza za misheni zilikuwa chini ya mti au katika banda la nyasi, na aliyefundisha kusoma Jumatatu ndiye aliyeongoza ibada Jumapili. Ualimu na uinjilisti vilikuwa kazi moja, na mtu aliingia kwa kuitwa na waliomjua.

Vyuo vilifuata baadaye. Waanglikana wa UMCA walikuwa na chuo cha Mtakatifu Andrea huko Kiungani, Unguja, ambacho baadaye kazi yake ilihamia Minaki karibu na Dar es Salaam. Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza kuwaandaa walimu huko Marangu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Vita ilipokwisha na wamisionari Wajerumani kuondolewa, Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja Tanganyika katika miaka ya 1920, na Iramba na Singida zikawa uwanja wao wa kazi. Kinampanda, katika wilaya ya Iramba, kikawa kituo cha kuwafundisha walimu wa eneo letu. Chuo cha Ualimu Kinampanda kipo hadi leo, sasa kikiwa chini ya serikali.

Si bidii ya Injili peke yake iliyosukuma vyuo hivi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu, na baada yake serikali ya Waingereza ikaamua kushirikiana na misheni badala ya kujenga kila kitu yenyewe. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1927 misheni zilipata ruzuku kwa shule zilizokaguliwa na kuonekana zinafaa, zenye walimu waliofundishwa. Hapo hesabu ilibadilika: misheni isiyo na walimu wenye cheti ilikosa fedha. Kwa hiyo kila misheni ilihitaji mahali pa kuwaandaa walimu wake.

Kijana wa wakati huo hakuulizwa anapenda chuo gani. Kama alikuwa Mlutheri, alipelekwa chuo cha Walutheri. Kama alikuwa Mkatoliki, cha Wakatoliki. Mchungaji au padri aliandika barua, mwalimu wake alithibitisha mwenendo wake, naye akaenda. Mpangilio huo ulikuwa na ubaya wake. Wasichana wengi waliachwa nyuma. Vijana wa imani nyingine, wakiwemo majirani zetu Waislamu, walikuta milango mingi imefungwa au imefunguliwa nusu. Na kijana aliyetofautiana na mmisionari hakuwa na pa kwenda.

Lakini ulikuwa na mambo mawili ambayo leo tumeyapoteza. La kwanza, aliyemchagua kijana alimjua: alijua kama ana subira na watoto, kama ni mkweli, kama anapenda kusoma. La pili, aliyemtuma alikuwa na shule ya kumpokea atakaporudi.

Mtu aliyepewa nafasi mbili

Wachache walipata nafasi ya kuchagua, na mmoja wao tunamjua wote. Julius Nyerere alisoma ualimu Makerere, Uganda, kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Alipomaliza alikuwa na nafasi mbili mbele yake, zote Tabora. Moja ilikuwa shule ya serikali aliyosoma mwenyewe, pamoja na faida za utumishi wa serikali, pensheni ikiwemo. Nyingine ilikuwa St. Mary's, shule ya mapadri wa White Fathers. Alichagua St. Mary's, akafundisha hapo mpaka mwaka 1949 alipokwenda Edinburgh, Uskoti. Aliporudi alifundisha Pugu, shule nyingine ya Wakatoliki, mpaka mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa.

Si kwamba shule ya misheni ni takatifu na ya serikali ni ya dunia. Wengi wamemtumikia Mungu kwa uaminifu katika shule za serikali, na Nyerere huyohuyo ndiye baadaye aliyeziweka shule za misheni mikononi mwa serikali. Ninachokiona ni kwamba kijana yule hakuruhusu pensheni iamue peke yake. Alikuwa na watu wa kushauriana nao, na mmoja wao, Padri Richard Walsh wa St. Mary's, ndiye aliyemsaidia kupata njia ya kwenda Edinburgh. Uhuru wake wa kuchagua ulikuwa na watu pembeni yake.

Serikali ilipochagua

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kasi. Chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kwa masomo ya sheria, na kuanzia mwaka 1964 nchi ikaanza kuandaa walimu wa shahada ndani ya mipaka yake. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaiwezesha serikali kuzichukua shule za mashirika ya dini. Makanisa mengi yaliumia, maana yalikuwa yamejenga kwa sadaka. Wengine waliona haki imetendeka, kwa kuwa mtoto wa Kitanzania hakupaswa tena kuulizwa dini yake mlangoni pa shule.

Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, taifa liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Ndipo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundisha vijijini huku wakijifunza ualimu kwa redio na kwa posta. Nao waliotaka chuo kikuu walitakiwa kwanza wafanye kazi miaka kadhaa na kupata mapendekezo ya chama. Barua ya mchungaji ikawa imebadilishwa na barua ya katibu wa chama.

Hata hivyo lile jambo la pili lilibaki. Serikali iliyokuchagua ndiyo iliyokupangia kituo. Ungeweza kupelekwa mbali na kwenu, lakini ulijua kwamba darasa linakungoja.

Milango ilipofunguliwa

Katika miaka ya 1990 sheria ilibadilishwa na vyuo vikuu visivyo vya serikali vikaruhusiwa. Makanisa yalirudi katika kazi yao ya zamani kwa sura mpya. Walutheri walianzisha Chuo Kikuu cha Tumaini; Wakatoliki wakaanzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Mwanza mwaka 1998, na baadaye chuo cha Mwenge, Moshi, kilichoanza mahususi kwa ajili ya elimu. Mwaka 2007 Waanglikana walifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Mwaka huohuo Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki walianza chuo huko Magamba, Lushoto, kilichojulikana kwa elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu.

Serikali nayo ilipanua. Vyuo vya Chang'ombe na Mkwawa vilikuwa vyuo vikuu vishiriki vya ualimu mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Sababu ilikuwa dhahiri: shule za sekondari za kata zilikuwa zimeota kila mahali na hazikuwa na walimu. Katikati ya miaka hiyo vijana wa kidato cha sita waliingizwa darasani baada ya mafunzo ya wiki chache tu, na watu wakawaita "vodafasta". Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, iliwawezesha watoto wa wakulima kusoma, na ualimu ukawa njia fupi kabisa ya kupata mkopo na kazi.

Kisha upepo ukageuka. Kuanzia mwaka 2015 ajira za walimu zilipungua sana, hasa kwa wa masomo ya sanaa. Leo wahitimu wengi hungoja miaka, na ajira zinapotangazwa hufanyiwa usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira. Mkopo nao haungoji: anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi amalize deni. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya kwa sababu ya ubora, na vyuo vya makanisa vilikuwamo. Mwaka huohuo wanafunzi waliruhusiwa kuomba moja kwa moja vyuoni, badala ya kupangwa kwa mfumo mmoja wa pamoja.

Basi tazama mahali alipofika kijana wa Mandewa. Ana uhuru ambao babu yake hakuuota. Lakini anachagua kwa matangazo ya redio, kwa vipeperushi na kwa maneno ya rafiki aliyetangulia. Hakuna anayemjua anayeulizwa, wala hakuna darasa lililoahidiwa.

Wajibu wa usharika

Hatuwezi kuurudisha wakati wa mmisionari kumchagulia kijana, wala hatupaswi kuutamani. Lakini lile jambo la kwanza, la kijana kujulikana, tunaweza kulirudisha bila kumnyang'anya uhuru wake. Paulo alikaa miguuni pa Gamalieli, na alipokwisha kuwa mwanafunzi wa Kristo alikuwapo Barnaba aliyemfuata mpaka Tarso, akamleta Antiokia wakafundisha pamoja mwaka mzima. Barnaba alijua kipawa cha Sauli na mahali kinapohitajiwa.

Usharika unaweza kuwa Barnaba. Walimu wastaafu tunao. Walimu wanaofundisha Mandewa na Singida mjini tunao, nao wamesoma vyuo mbalimbali. Kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, wangekaa na vijana wetu jioni moja na kuuliza maswali ya kweli. Je, programu hiyo inatambuliwa na TCU mwaka huu? Je, chuo kinafundisha masomo mawili unayotaka kuyafundisha, na kina walimu wa masomo hayo? Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi huja kweli darasani au husaini fomu tu? Mkopo ukikosekana, ada na chakula vitatoka wapi mwaka wa pili? Je, wadogo zako watabaki shuleni? Yesu alimsifu mjenzi anayeketi kwanza na kupiga hesabu ya mnara wake. Kupiga hesabu si kukosa imani.

Katika mazungumzo hayo, jina la kanisa langoni lisimalize shauri. Chuo cha kanisa kinachofundisha vizuri na kumlea kijana katika sala ni zawadi; chuo cha kanisa kinachofundisha vibaya kinamkosea mtoto atakayekuja kufundishwa na mhitimu huyo. Naye anayekwenda chuo cha serikali asidhani ametoka katika wito.

Mwisho kuna swali ambalo mpangilio wa zamani uliuliza kwanza na sisi tumeliweka nyuma: je, huyu anapaswa kuwa mwalimu? Yakobo aliwaonya ndugu wasikimbilie wengi kuwa walimu, kwa kuwa hukumu yao ni nzito zaidi. Kijana anayechukua ualimu kwa sababu mkopo wake ulikuwa rahisi atakutana na watoto 60 au zaidi katika chumba kimoja, na mkopo hautamsaidia siku hiyo. Anayemjua na kumpenda amwambie ukweli mapema, kwa upole, wakati magunia ya alizeti bado yako ghalani.