Kuingilia Kati: Kati ya Nani na Nani?

Dola ikipeleka askari katika nchi ya watu, wanadiplomasia husema imeingilia kati. Istilahi hiyo imeshakaa, nami siipingi. Ninachopinga ni kuitumia kwa kila manowari inayotia nanga ugenini, kwa maana “kati” ina kazi yake: anayeingilia kati husimama baina ya anayepiga na anayepigwa.

Tazama Zanzibar, Januari 1964. Usiku wa kuamkia tarehe 12, wanamapinduzi waliteka silaha za polisi Ziwani na Mtoni. Serikali ya Mohammed Shamte, iliyokuwa na mwezi mmoja tu tangu uhuru, iliomba msaada Uingereza ikakataliwa, ikapinduliwa. Mkataba wa ulinzi na Zanzibar huru haukuwapo. Katika siku zilizofuata Waarabu wengi waliuawa, hasa huko mashamba, wanawake na watoto wakiwemo. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Na meli hazikukosekana: manowari ya Marekani, USS Manley, ilifika mjini Unguja, ikawapakia Wamarekani, ikaondoka. Huko ni kuokoa raia wake, na kuitwe hivyo.

Tarehe 25 ya mwezi uo huo, makomando wa Uingereza waliteremka kwa helikopta kutoka HMS Centaur hadi kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakazima maasi ya askari wa Tanganyika Rifles. Nyerere ndiye aliyewaomba. Huko nako ni kuisaidia serikali. Waliokuwa wakichinjwa ng’ambo ya mkondo hawakuwa tena na serikali ya kuwaombea.

Uzito unazidi inapoingia istilahi ya pili, mauaji ya kimbari, kutokana na mbari, yaani watu wa ukoo mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unataka pawepo kusudi la kuliangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, lote au sehemu yake. Kwa ya Unguja hakuna mahakama ya kimataifa iliyoketi, na wanahistoria hawajaafikiana kuyaita hivyo. Lakini mkataba huo unazidai nchi wanachama kuzuia, si kuadhibu tu. Ndiyo maana mwaka 1994, Rwanda ikiteketea, msemaji wa serikali ya Marekani alikubali kusema “vitendo vya mauaji ya kimbari” tu, asitamke kwamba ni mauaji ya kimbari. Aprili ile askari wa Ufaransa na Ubelgiji walikuwa wameshatua Kigali, wakawachukua wageni, wakawaacha Watutsi mikononi mwa wauaji.