Historia ya Pikapu Katika Njia Yetu, na Ile Tuliyoinunua Sisi



Kamati ya kijitabu hiki ilipogawa mada, mimi nilipewa historia ya usafiri. Wenzangu wakacheka, maana wanajua kwamba historia hiyo haiwezi kuandikwa bila kuitaja pikapu yetu ya kwanza, na sahihi ya mweka hazina iliyoko kwenye hati ya mauziano ni yangu. Nitaitaja. Ila tuanzie mbali kidogo.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1965 waliiona barabara yetu ikibadilika ghafla. Mwezi Novemba mwaka huo walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikabanwa upande wa kusini. Mafuta yake yakaanza kupita kwetu ndani ya mapipa, juu ya malori, katika barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Wazungu waliipa jina lenye maana ya mbio za jehanamu, na hawakukosea. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Ndola, mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikakamilika, na mwaka 1976 reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina ikakabidhiwa rasmi.

Haya yote yalipita barabarani. Viazi vya Uporoto na nyanya za Ilula vilikuwa bado shambani! Mwaka huo huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na malori ya mashirika ya mazao yalikuja yalipotaka. Halafu ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, mafuta yakapanda bei duniani, fedha za kigeni zikakauka. Pijo na Landrova zilizokuwepo zilifungwa kwa waya na mpira, zikasukumwa, zikaombewa.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya mwaka 1984. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Pikapu zikaanza kuonekana tena, na katika miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japani yakawa mengi. Kwa mkulima mwanamke jambo hili lilikuwa na pande mbili. Gari lilifika shambani, ni kweli, lakini mwenye pikapu ndiye aliyepanga bei ya gunia. Ukikataa, anawasha gari anaondoka, na wewe unabaki na viazi vyako na mvua. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya, katika mwaka wetu wa nne, tuseme jamani, hata sisi tununue.

Tulitaka Hilux ya dizeli, kwa kuwa kila fundi anaijua na vipuri vyake vinapatikana hata Mwanjelwa. Hapo hatukukosea. Tulichokuwa hatujui ni kwamba jina la gari ni moja na injini ni nyingi. Ile ya 2L, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, imebeba mizigo ya nchi hii kwa uaminifu, ila ikichemka sana kichwa chake hupasuka. Ya 3L, yenye 2,779, ina nguvu zaidi na mafundi wengi huiamini zaidi. Zote mbili zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika njiani, injini imekwenda. Muuzaji akikuambia mita inasoma kidogo, mwulize mkanda ulibadilishwa lini na risiti iko wapi.

Tuliifuata Iringa akina mama watatu na dereva wa kuazima. Tuliikuta imeoshwa na injini ina moto tayari. Kamwene, kamwene, karibuni mama zangu, akaiwasha, ikaitika mara moja. Sisi tukafurahi! Kumbe dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa ya moto. Ya kuichunguza ni ile iliyolala usiku kucha. Tukalipa shilingi 11,500,000.

Kutoka Iringa, Mafinga, Makambako hadi Igawa ilikwenda kama mpya. Baada ya Igurusi kupandisha kuja Uyole, sindano ya joto ikaanza kupanda. Mlima Nyoka tulisimama na mvuke. Dereva akamwaga maji, tukafika usiku. Wiki ya sita ikafa kabisa na magunia ya watu mgongoni.

Fundi mzee tuliyempelekea hapa Uyole aliitikia marahaba huku macho yako kwenye rejeta. Alituonyesha mapovu yakitoka injini ikiwashwa, na ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili. Maji na oili vimekutana, akasema, kichwa kimepasuka, na si leo. Akalala chini akatuonyesha chasisi iliyochomelewa karibu na springi za nyuma: gari lilibebeshwa kupita kiasi miaka mingi. Yeye ndiye aliyetueleza habari ya milima yetu. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, ambapo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima hushikilia presha na maji hayachemki upesi. Kikivuja, mlima unakushinda. Tena hewa ni nyepesi, na dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana gari zima Dar es Salaam linaweza kutoa moshi mweusi huku kwetu. Moshi wa bluu ni habari nyingine, huo ni oili inaungua.

Kichwa kingine na kazi ya fundi vilitugharimu 2,300,000. Gawio la mwaka ule halikuwepo. Wanachama watano walijitoa, mmoja wao tulianza naye siku ya kwanza, na sikuweza kumlaumu. Nilijiuzulu uhazina, mkutano ukakataa, ukaniambia nilipe deni kwa kutafuta pikapu nyingine.

Ya pili nilimchukua yule mzee na kumlipa posho ya siku mbili. Alizikataa nne. Mojawapo ilikuwa ya aina mpya, ya nozeli za umeme, nzuri kuitazama. Alisema hiyo haivumilii dizeli chafu na nozeli zake ni ghali kuliko ng'ombe. Ya tano, ya 3L, tuliikuta saa 12 asubuhi kabla mwenyewe hajaamka, bonati ina umande. Akashika injini kwa kiganja, akatikisa kichwa kuridhika, ndipo akabisha hodi.

Hiyo ndiyo mnayoiona ikienda Isongole kila Alhamisi. Ile ya kwanza tuliuza kwa hasara, na kasoro zake zote tuliziandika kwenye hati ya mauziano. Wanachama wawili kati ya wale watano wamerudi.