Kiti Kimoja cha Mwalimu

Jirani yangu hapa Gatongora, mwalimu, anawania kiti kwenye bodi ya shule. Watu wanamcheka: ati kiti hakina mshahara, cha nini? Mimi sicheki. Kiti hicho kina historia.

Baada ya mzozo wa 1929 na wamishonari kuhusu tohara ya wasichana, Wakikuyu walijenga shule zao huru. Wazazi walichanga pesa, kamati zao zikaajiri walimu. Mwaka wa 1939 Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu Githunguri, huku huku Kiambu. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, wakoloni wakakifunga.

Uhuru ulikuja, lakini Sheria ya Elimu ya 1968 ilimwachia waziri uwezo wa kuunda bodi za shule. Ni sheria ya 2013 iliyosema wazi: mjumbe mmoja achaguliwe na walimu wenyewe.

Mmoja tu, kati ya wazazi sita, wafadhili na wengineo. Lakini bodi ndiyo inayoajiri wale tunaowaita walimu wa BOM, ambao TSC haijawachukua. Mshahara wao ukichelewa, nani atauliza mezani? Hiyo ndiyo kura anayoomba jirani yangu.