Masiha: Mpakwa Mafuta Aliyengojewa

Katika jumuiya zetu ndogondogo tumesikia mara nyingi ikisemwa kwamba Wayahudi walikuwa vipofu, kwa vile hawakumtambua Masiha aliyesimama mbele yao. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Aitoaye huwa hajajiuliza neno Masiha lina maana gani.

Kwa Kiebrania maana yake ni mpakwa mafuta. Kwa Kigiriki likawa Kristo, na katika mzizi huohuo tumepata Krisma, mafuta ambayo Askofu huyaweka wakfu katika Juma Kuu. Tangu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilipokamilika hapa Posta mwaka 1902, vizazi vya waamini vimepakwa humo mafuta hayo. Nao jirani zetu Waislamu, ng'ambo ya Mnazi Mmoja kule Kariakoo, husoma katika Kurani jina Masihi, naye ni Isa mwana wa Mariamu.

Katika Israeli ya kale hakuna aliyepakwa mafuta ili afe na kufufuka. Walipakwa makuhani, kuanzia Haruni, na wafalme: Samweli alimpaka Sauli, kisha Daudi. Hata Koreshi wa Uajemi, mpagani, anaitwa mpakwa mafuta katika Isaya 45, maana ndiye aliyewaruhusu Wayahudi kurudi kwao baada ya kuitwaa Babeli mwaka 539 K.K. Lakini kiti cha Daudi kilibaki kitupu, na tumaini likahamia kwa mfalme ajaye, mleta haki na amani. Wala wote hawakumtazamia kwa namna moja. Magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana kando ya Bahari ya Chumvi mnamo 1947, yanataja wapakwa mafuta wawili, wa Haruni na wa Israeli.

Basi Myahudi aliyeutazama Msalaba, huku askari wa Roma wangali wakiilinda Yerusalemu, alikuwa na haki ya kuuliza amani iko wapi. Petro mwenyewe, mara baada ya kumkiri Yesu kuwa Kristo, alikataa kusikia habari za mateso. Na mapokeo ya Kiyahudi yasimulia kwamba Rabi Akiba, mwalimu mkubwa, alimwona Masiha katika Bar Kokhba, aliyeanzisha vita dhidi ya Roma mwaka 132. Vita hivyo viliisha kwa maangamizi mwaka 135.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikataza kuwaonyesha Wayahudi kama watu waliotupwa au kulaaniwa na Mungu. Wengi wao wangali wanamngoja Masiha. Nasi, mara baada ya mageuzo katika Misa, hutangaza kwamba twamngoja arudi.