Ulevi Barabarani: Adhabu na Masharti ya Kurejea kwenye Usukani

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza kuendesha chombo cha moto kwa ulevi. Ukomo wa jumla ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Katazo hilo linamhusu dereva wa lori katika barabara kuu ya Babati–Singida pamoja na mwendesha bodaboda wa Masakta, wilayani Hanang, awe amekunywa bia ya kiwandani au pombe ya kienyeji.

Askari anaweza kumtaka dereva apulize kipima ulevi. Anayetiwa hatiani hukabiliwa na faini au kifungo, na mahakama inaweza kumwondolea sifa ya kuwa na leseni. Akiendesha kabla ya muda huo kwisha, anatenda kosa jingine.

Nchini Marekani, baadhi ya waliotiwa hatiani huruhusiwa kuendesha tena kwa sharti la kufungiwa kifaa kwenye gari: dereva hupuliza kwanza, na kilevi kikizidi kiwango kilichowekwa, injini haiwaki. Sura ya 168 haina sharti hilo. Mfumo wa LATRA wa kufuatilia mabasi hubaini mwendokasi, haupimi pumzi ya dereva.

Kinga, kwa hiyo, imebaki mikononi mwa dereva mwenyewe. Kahawa wala maji baridi haviharakishi kuondoka kwa kilevi mwilini. Aliyekunywa sana usiku anaweza kuamka akiwa bado amezidi ukomo. Kwa anayeishi kwa usukani, kupoteza leseni ni kupoteza kazi.