Kuiga Watu wa Hadithi Nyumbani

Kinampanda, katika Iramba ya mkoa wa Singida, hujulikana sana kwa chuo chake cha ualimu, ambacho asili yake ni misheni ya Kilutheri. Mahali penye chuo cha namna hiyo vitabu havikai rafuni tu. Mwalimu asomaye kwa sauti mbele ya watoto hana budi kumtafutia sauti yake kila anenaye kitabuni, na watoto huondoka na sauti hiyo hata nyumbani. Hivyo ndivyo mtu wa hadithi apatavyo kuingia katika nyumba ambayo kitabu chake hakijaingia.

Hata hivyo, mchezo huu haukuletwa na vitabu. Ngano zilisimuliwa jioni kando ya moto kabla ya shule yoyote kujengwa, na msimulizi hodari hakuwa msemaji tu. Fisi alipewa sauti yake, ulafi wake na mwendo wake wa kuchechemea, maana mgongo wake huteremka kuelekea nyuma. Kesho yake watoto walikuwa na fisi wao uani, na mwenye pupa ya chakula alijua ataitwa nani.

Mwaka 1931 baadhi ya ngano za Wanyiramba zilipigwa chapa katika jarida la Bantu Studies, huko Johannesburg. Mkusanyaji wake alikuwa Frederick Johnson, Mwingereza aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930. Kazi hiyo ni ya thamani, lakini chapa hushika maneno ya fisi, haishiki mwendo wake. Nusu ya ngano ilibaki Iramba, katika miguu ya watoto.

Johnson huyohuyo ndiye aliyetia katika Kiswahili Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichotoka mwaka 1929, na pia Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson. Kwa mikono yake ngano za Iramba zilitoka kwenda ng'ambo, na wageni wa ng'ambo wakaja kukaa katika lugha ya huku. Miongoni mwao, Long John Silver ndiye aliyeumbwa hasa kuigwa: mguu mmoja, gongo kwapani, kasuku begani. Vyombo vya mchezo huo havina gharama. Fimbo ya kuchungia ng'ombe yatosha kuwa gongo, na kifaranga, akikubali, huwa kasuku.

Lakini hapa pana jambo ambalo kwa fisi halikuwapo. Fisi hana ndugu kijijini wa kuona haya. Silver ni binadamu, na mtoto arukaye kwa mguu mmoja huenda akapita mbele ya jirani ambaye gongo kwake si mchezo. Mzazi anayemkemea mwanawe kwa neno hujafa hujaumbika hakosei hata kidogo. Wala swali hili si la Afrika peke yake, maana Silver mwenyewe alitokana na mwigo wa mtu hai. Stevenson, alipoanza kuandika hadithi hiyo huko Braemar, Uskochi, mwaka 1881, na kuisoma sura kwa sura mbele ya jamaa zake, alikuwa akimfikiria rafiki yake, mshairi W. E. Henley, ambaye alikatwa mguu kwa sababu ya maradhi. Baadaye alimwungamia Henley jambo hilo. Alichochota kwake kilikuwa nguvu na sauti ya kuamuru, si unyonge. Kwa hiyo mtoto amwigaye Silver vema huiga ule ulimi wa asali unaomgeuza adui kuwa rafiki. Arukaye tu ameiga mguu, na mguu haukuwa Silver.

Pwani, mwigo ulizaa kitabu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, na Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka mwaka 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, pamoja na sahibu yake Najum. Ni dhahiri kwamba nyuma yao wamesimama Sherlock Holmes na Watson. Na Holmes naye, ile kofia yake mashuhuri alivikwa na mchoraji Sidney Paget mwaka 1891. Conan Doyle hakuitaja kwa jina. Bwana Msa hakuihitaji. Alichukua kiko na subira ya kutazama, akasema Kiswahili cha Unguja, akawa mtu wa huku kabisa.

Kutoka Unguja hadi Iramba ni mbali, lakini kitabu hufika kwa mwalimu, na kiko hutengenezwa kwa kipande cha bua la mtama. Mwenye nacho hukiweka pembeni mwa mdomo, akakaa kimya kitambo, akawatazama ndugu zake mmoja mmoja, kisha akauliza ni nani aliyefunua chungu cha asali.