Mashine ya Wengi

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni. Haikuwa chuki ya bure. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye hesabu za Serikali zilizotiwa humo zikavurugika, huku tukiwategemea wataalamu wa kigeni walioijua mashine kuliko sisi wenyewe. Marufuku hiyo ililegezwa polepole miaka ya 1980.

Mlango wetu ukiwa bado umefungwa, mwaka 1978, mwanafunzi Roy Trubshaw wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kutunga mchezo ulioitwa MUD. Richard Bartle akaupokea na kuukamilisha. Haukuwa na picha, maneno matupu. Lakini watu wengi waliweza kuingia kwa wakati mmoja na kukutana humo. Siri yake ilikuwa katika uchaguzi wa mashine. Kompyuta ya chuo ilikuwa PDP-10, na mfumo wake endeshi, TOPS-10, uliweza kuruhusu watumiaji kadhaa kuandika katika sehemu moja ya kumbukumbu. Mmoja akiokota upanga, mwenzake anakuta haupo. Wageni wa nje walikaribishwa usiku wa manane, mashine ilipokuwa haina kazi za maana. (Sijui kwa nini kucheza hakuhesabiwi kuwa kazi ya maana.)

Nayakumbuka hayo kila vijana wa hapa Uyole wanaponiuliza wanunue seva gani. Wanataka kucheza pamoja, na wamechoka kushindwa na watu wasiowazidi ustadi. Kinachowashinda ni umbali. Zama za setilaiti, habari ilipanda kilomita 36,000 na kushuka, kisha jibu likafuata njia ileile: karibu nusu sekunde, na katika nusu sekunde umeshapigwa risasi. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, mambo yakawa afadhali. Lakini mwanga ndani ya mkongo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda London na kurudi, hata kama waya ungenyooka kama uzi, ni milisekunde 75, na waya haunyooki. Kwenda Dar na kurudi ni 8 au 9 tu. Kwa hiyo seva ya karibu, hata ikiwa dhaifu, yaweza kuwa bora kuliko ya fahari iliyoko Ulaya.

Watu hukimbilia kununua kadi ya picha. Ya nini? Seva haichori kitu. Ni karani anayeandika nani kasimama wapi na kabeba nini. Fedha ziende kwenye kumbukumbu na kichakato chenye kasi. Michezo kama Minecraft huubebesha uzi mmoja wa kichakato sehemu kubwa ya mzigo, hivyo vichakato vingi vya polepole havisaidii sana.

Kuhusu mfumo endeshi, mimi nasimama na Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Haina ada ya leseni, hukaa katika mashine iliyochoka, na huhitaji kuiwekea kioo wala panya. Ipo michezo ambayo seva yake hukubali Windows tu. Hapo hakuna ubishi, mchezo ndio umekwisha kuchagua.

Linabaki suala la umeme. Ndiyo maana naipendelea kompyuta ya mapajani iliyotumika, kuliko ile kubwa ya mezani: betri yake, ikiwa bado nzima, huivusha pale umeme unapokatika, ingawa kisambaza mtandao nacho kitahitaji betri yake. Joto halitusumbui sana, kwani tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni watu huota moto. Adui ni vumbi la kiangazi. Brashi laini mara moja kwa mwezi, na mashine iwe imezimwa.